Mlango wa choo umepewa mwenyekiti

Ndugu yangu, sikia ya leo ofisini.

Unaikumbuka ile kazi kuu, "Ukarabati wa ofisi"? Mfumo wetu wa kompyuta wa kufuatilia kazi uligoma kuifunga kwa sababu kazi ndogo moja, mlango wa choo, haijaisha.

Bosi akaihamishia chini ya kazi nyingine, "Hotuba ya mwenyekiti", ambayo mhusika wake ni mwenyekiti mwenyewe. Ukarabati ukawa kijani, yaani umekamilika, tukapiga makofi. Makofi, na mlango hakuna!

Leo mwenyekiti kaja kuzindua. Kabla ya hotuba, akaomba choo.

Bosi kasimama pale penye uwazi wa mlango, mikono juu, kamkinga kwa bango la "Hongera kwa kukamilisha". Bango, jamani!

Sauti ya mwenyekiti ikatoka ndani: "Nani anahusika na huu mlango?"

Bosi akaninong'oneza, "Sema ni wewe, au huna kazi."

Nikafungua mfumo, nikamsomea mwenyekiti polepole: "Mhusika ni wewe, mzee."