Siku Jenerali Alipokuja Kiwandani

Augsburg, 20 Septemba 1910

Mama mpenzi,

Salamu nyingi. Miguu inaendeleaje na baridi hii? Sisi hatujambo, Klothilde anakusalimu, na wajukuu wako wanakula kama nzige.

Mama, nimebanwa. Jenerali von Rauscheck, anayelinunulia jeshi vitambaa, anakuja kukagua kiwanda changu. Akiridhika, tutafuma vitambaa vya sare, na watu wangu mia nne watakuwa na kazi msimu wote wa baridi. Tena ataniletea nishani. Lakini siku aliyochagua ni Siku ya Upatanisho, siku ambayo sisi Wayahudi tunafunga na hatugusi kazi! Nimemwomba aisogeze. Msaidizi wake kajibu, "Jenerali hapangiwi siku." Wenye viwanda wenzangu wananiambia, "Gerstle, funga saumu yako hukohuko kiwandani, nani atajua?"

Nifanyeje?

Mwanao,
Emanuel

Ichenhausen, 25 Septemba 1910

Mwanangu Mane,

Mimi mzima, ila miguu imezeeka kunishinda.

Leo ndiyo unaniuliza? Ulipojenga bomba la moshi refu kuliko mnara wa kanisa, uliniuliza? Baba yako, Mungu amrehemu, alitembeza vitambaa mgongoni hadi mbwa wa kila kijiji wakamjua. Lakini Ijumaa jioni, Sabato ikiingia, alikuwa nyumbani, mvua isimzuie. Hakufanya hivyo kwa kuniogopa mimi. Basi na wewe usiende sinagogi kwa kumwogopa mama. Una watu mia nne. Wafikirie na wao. Ukishaamua, usigeuke nyuma.

Nakutumia mafuta ya bata bukini. Klothilde asiwape majirani.

Mama yako

Augsburg, 14 Oktoba 1910

Mama mpenzi,

Natumaini saumu haikukuchosha. Mimi nilishinda sinagogini, toka asubuhi hadi pembe ilipopulizwa jioni.

Jenerali alipokelewa na msimamizi wangu, Xaver, yule Mkatoliki mwenye masharubu. Nimesimuliwa na wafumaji, maana yeye mwenyewe anaona haya.

"Mwenye kiwanda yuko wapi?" Jenerali akafoka.

"Yuko kwa Mungu wake, Mheshimiwa."

"Mimi nimetoka Munich, yeye anasali?"

"Ndiyo. Na mtu asiyemwibia Mungu siku yake hatakuibia wewe kitambaa."

Mashine zote zilikuwa zinanguruma. Jenerali akavuta kitambaa, akakinyoosha, akakinusa. Akatupatia nusu ya kazi. Nusu nyingine kampa mwingine. Nishani imerudi Munich mfukoni mwake.

Nusu haitoshi, Mama, lakini sitamfukuza mtu. Ile nyumba mpya tuliyotaka kujenga nimeiahirisha, na fedha zake zitalipa mishahara. Klothilde alininunia siku nzima, kisha akasema, "Afadhali nikae na mume mwenye shingo ngumu kuliko na ngazi za marumaru."

Mwanao,
Emanuel

Ichenhausen, 27 Oktoba 1910

Mwanangu,

Salamu kwenu nyote, na kwa Xaver zaidi.

Habari zako zimefika kabla ya barua yako. Wafanyabiashara wa ng'ombe, wanaozunguka kila mji, hawana siri. Jana, sikukuu, nilipanda roshani ya wanawake sinagogini kama kawaida. Nilipotokeza, wote wakasimama. Hata mke wa tajiri Obermayer, anayeniita "mjane wa mchuuzi" toka nilipofiwa.

Nikajifanya natafuta leso. Kisha nikakaa polepole, Mane, polepole sana, ili wasimame vya kutosha.

Mama yako