Riziki Anangoja Neno Lako

Mwanangu Asukulu, baba ya Riziki,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, nikiwa nimekaa mlangoni na miguu yangu ndani ya karai la maji moto. Uko mzima? Kile kifua kimeacha kukusumbua? Unakula, au unauza mawese mchana kutwa halafu unalala na chai? Sisi huku kambini Nakivale tupo. Sisemi tuko vizuri, nasema tupo. Jua limekausha maharage yakiwa bado na maua, chakula cha kugawiwa kimekuwa kidogo mpaka mtu anaona haya kubeba gunia kwenda kukipokea, na magoti yangu siku hizi ni kama ya mtu mwingine, yanafanya yanavyotaka.

Umeshangaa kupata barua wakati simu ipo. Ni kwa sababu kwa simu unanikata. Nikisema tu "Riziki," wewe unasema, "Lopitali, mama, nimemaliza," na umekwenda. Karatasi haikatwi hivyo. Mimi kalamu sijui kuishika, unajua. Anayeandika ni jirani yangu Mama Furaha, mwimbaji wa kanisa letu, na nimemwambia aweke yote, hata yale anayoona ni makali. Soma mpaka mwisho.

Neno ni hili. Riziki amepata fasi mbili za kusoma. Moja ni shule ya wauguzi hapa Mbarara, ile ya lopitali unayoitaka wewe. Nyingine ni chuo cha Kampala, wanafundisha kazi ya nyuma ya jukwaa: kupanga taa na sauti, kujenga nyumba za mbao na vitambaa, na kusimamia mchezo wote, nani aingie wakati gani, rido, lile pazia kubwa la mbele, ifunguke lini. Yeye anataka hiyo ya pili. Shule zote mbili zinangoja jibu kabla ya masomo kuanza, na mtoto hataki kujibu bila neno la baba yake. Basi mimi kila siku nabeba lako nampelekea, nabeba lake nakuletea. Nimechoka, Asukulu.

Najua unavyosema: mtoto wako atakuwa mtu wa kuchekesha walevi. Hata mimi nilisema, tena vibaya kuliko wewe. Nilimwambia, "Tulikimbia vita ili wewe ukawe mufungua rido?" Akanijibu mimi bibi yake polepole, na yeye akijibu polepole ujue amekasirika: "Tate, na rido nayo iko na mwenye kuifungua."

Tena nikuambie ukweli. Nilitaka aende lopitali kwa ajili ya magoti yangu, si kwa ajili yako. Mbarara ni karibu. Ijumaa angepanda gari, apite Kaberebere na Kabingo, jioni yuko hapa ananichotea maji na kunigombeza. Kampala ni mbali. Nilikuwa najifikiria mimi.

Sasa sikia kilichonipata. Vijana wa kambi walialikwa kuonyesha mchezo wao Mbarara, kwenye ukumbi mmoja mkubwa. Mwalimu wa kile chuo cha Kampala alikuja kumtazama Riziki akifanya kazi. Huo njo ulikuwa mtihani wake. Mimi hakuniambia ni mtihani. Aliniambia tu, "Tate, kuya uone." Nikavaa vizuri, nikakunja kitenge changu kipya kwapani, tukaenda na Mama Furaha.

Unajua kwetu. Mtoto wako akifanya vizuri mbele ya watu, mama hakai kwenye kiti. Unasimama, unapiga kigelegele, unatandika kitenge chini apite juu yake. Basi nikakaa nikingoja saa yangu. Madirisha yalifunikwa vitambaa vyeusi, mchana ukawa usiku. Mchezo ulikuwa wa mwanamke aliyerudi kwao na kukuta wengine wamelima shamba lake. Anatoka msichana wa Kirundi, ndiye huyo mwanamke. Wanatoka vijana wenye majembe. Anatoka hata mbuzi wa makaratasi. Riziki hayupo. Nikamwuliza Mama Furaha, "Wamemnyima?" Akasema, "Yuko nyuma." Nyuma! Moyo ukaniwaka. Nikasema, kama wamemficha nyuma, nitamtandikia huko huko nyuma.

Nikainuka. Kwenye mlango wa pembeni alisimama askari wa ukumbi, Mnyankore mmoja mrefu.

"Kaaka," akaniita, kwao ni bibi, "hapana pita hapa. Hapa ya wachezaji tu."

"Mimi ni tate ya muchezaji."

"Mchezaji gani?"

"Ule mwenye hamutaki batu bamuone!"

Akacheka, na akiwa bado anacheka nikapita chini ya mkono wake.

Nyuma ya rido kulikuwa giza, na kamba kila fasi. Nikamwona Riziki amesimama, mkono mmoja juu, vijana wote wanautazama. Sikungoja. Nikapiga kigelegele kimoja kikubwa, nikatupa kitenge miguuni pake, nikapiga hatua nimkumbatie, na mguu wangu ukakokota waya. Taa zote za jukwaa zikazimika.

Asukulu, giza tupu. Nikasikia mtu anasema, "Yesu." Nilifikiri nimeua watu. Riziki hakupiga kelele, hakuniangalia hata. Alimshika mpiga ngoma bega, akamwambia kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeomba chumvi: "Piga ile ya matanga, polepole." Akasogea kwenye pindo la rido, akamnong'oneza yule msichana: "Baki fasi uko. Imba." Ngoma ikaanza gizani, msichana akaimba, na watu wakadhani njo mchezo wenyewe. Nilisikia wengine wanavuta kamasi. Wakati huo mtoto wako amepiga magoti, anapapasa waya kwa vidole, amepata ulipochomoka, ameurudisha. Lakini hakuwasha, aliinua tena mkono. Alingoja wimbo ufike mwisho wake, ndipo akashusha mkono, na taa ikaja kidogo kidogo kama kunapokucha.

Halafu akanigeukia. "Tate."

"Naam."

"Ikala hapa juu ya kidumu. Usiguse kitu. Na kigelegele, basi."

Mimi niliyemzaa baba yake, nikakaa kama nimeambiwa na mchungaji. Nikamtazama mpaka mwisho. Vijana wenye ndevu zao wanaangalia mkono wake. Akiinua, wanangoja. Akishusha, wanakwenda. Hakuna anayebishana, na unawajua vijana wa kambi kwa kubishana.

Mwisho yule mwalimu akaja nyuma, mama mfupi mwenye miwani. Akauliza, "Nani alisema ngoma ipigwe?" Wote wakamnyooshea Riziki kidole. "Na taa, nani alizizima?" Wote wakaninyooshea mimi. Yule mama alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akamwambia Riziki fasi yake ipo, ni yeye tu aseme.

Nyumbani nikamwuliza, "Kwa nini hukuniambia ni mtihani?"

"Ningekuambia, ungekuja na kwaya nzima."

Na ni kweli, ningekuja nayo.

Sasa nakugusa pale panapouma, na univumilie. Najua lopitali yako inatoka wapi. Nilikuwepo. Ni mimi niliyemshika mama ya Riziki kichwa siku ile anajifungua, tukingoja muganga wa lopitali ambaye hakufika. Na ulisimama kaburini pake ukasema mtoto huyu atakuwa muganga. Ulisema wewe. Yeye alikuwa amefungwa ndani ya shati lako, kwa sababu hatukuwa na kitambaa kingine. Mwanangu, Riziki akivaa nguo nyeupe mpaka azeeke nazo, mama yake hatarudi. Na damu anaiogopa. Nikichinja kuku anatoka anakwenda kwa jirani. Mtu huyo ndiye unataka umpeleke kwa mwanamke anayezaa? Utamwonea huyo mwanamke, na utamwonea mtoto wako.

Wewe ulirudi kwetu Baraka kuangalia mashamba akiwa darasa la nne, ukabaki huko. Sikulaumu, kila mtu na alivyoweza. Lakini Riziki unayemkatalia kwenye simu ni yule wa darasa la nne. Mimi naishi na huyu aliyekua.

Neno langu nimempa: aende Kampala. Habari ya maji, nitajuana na magoti yangu. Alilia, akaniosha miguu, halafu akasema, "Na papa?"

Kwa hiyo limebaki lako, na hilo silibebi tena. Jumapili baada ya ibada simu itakuwa mkononi mwake, upige wewe. Mimi nitakuwa shambani, usinitafute. Kama ni ndiyo, mwambie. Kama ni hapana, mwambie wewe kwa mdomo wako, na usikate. Ungoje umsikie akinyamaza upande wa pili, kama ninavyomsikia mimi hapa kila jioni.

Nisalimie mke wako wa sasa, mwambie namshukuru anavyokutunza kifua hicho. Msalimie dada yako anayeuza dagaa sokoni, apunguze kelele kwa wateja. Msalimie mzee wa kanisa aliyetubebea mizigo siku ya kukimbia, kama bado yuko hai. Kama hayuko, nisalimie watoto wake. Na huyo mtoto wako mdogo ambaye sijamwona, mwambie tate yake yupo, na ana sauti kubwa.

Mungu akulinde njiani na sokoni.

Ni mimi mama yako, niliyechoka na mambo mengi, lakini ninyi hamumo kati yake.

Mama Asukulu, Nakivale