Chuma Nilichokifungua Mimi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepata nafuu, na mama bado anakugombeza ukinyanyua ndoo. Mimi ni mzima, ila nimekonda kidogo.

Barua yako nimeipata. Umeniambia nirudi kwa msimamizi nikamwombe radhi, maana kazi siku hizi hazipatikani. Baba, nakuheshimu, lakini kwa hilo sitakutii.

Habari ilikufikia nusu. Fundi plasta mwenzangu, yule tunayemwita Mrefu, alianguka kutoka ghorofa ya tatu Jumanne asubuhi. Alirudi nyuma hatua moja kutazama kama ukuta wake umenyooka, vile vile ulivyonifundisha wewe, akaegemea pale kwenye jukwaa palipopaswa kuwa na chuma cha kukingia. Hapakuwa na kitu. Nyonga imevunjika, na miguu haisikii hata ukiifinya.

Damu haijafukiwa mchanga, msimamizi akatukusanya. Alisema Mrefu alikuja kazini amelewa, na kila mmoja atie sahihi kwamba alimwona. Wenzangu walitia huku wakitazama viatu vyao. Nilimwambia kwamba Mrefu hajawahi kuonja pombe, aandike ukweli kwanza ndipo anipe kalamu. Akaniuliza mwanamke kama mimi naringia nini. Nikamjibu, "Naringia sahihi yangu." Alinifukuza palepale. Nilikusanya miko yangu, nikatoka kwa lango kubwa, si kwa uchochoro.

Sasa nikuambie lile ambalo sijamwandikia mtu. Chuma kile nilikifungua mimi. Jumatatu msimamizi aliniagiza nikitoe kikafungwe upande wa barabarani, maana mwenye jengo alikuwa anakuja kukagua. Nilijua si sawa. Nikakifungua, nikanyamaza, wala Mrefu sikumwambia.

Juzi nilimwambia, hospitalini. Akageuzia uso ukutani, nikadhani hatasema nami tena. Mwishowe akasema, "Nenda kwa mkaguzi wa kazi. Sema yote, na lako usiliache." Hakusema amenisamehe, nami sikuthubutu kuomba.

Kesho saa tatu asubuhi nakwenda. Nitaanza na langu, kisha la msimamizi. Kama ni kufungwa, tutafungwa wote wawili, lakini ile karatasi ya ulevi haitapita.

Msalimie sana mama. Msomee yote, usimrukie mstari.

Ni mimi binti yako,
fundi uliyemfundisha mwenyewe