Pua kwa Pua na Baba Mkwe

Jumatatu, 8 Machi 1971

Nimechemsha chai, nimeenda kazini. Nyamira baridi. Barua ya kwanza nimeipiga chapa nikaruka maneno ya mwisho wa mistari. Bosi ameirudisha. Ya pili pia. Ya tatu akasema nikapimwe macho Kisii, nilete cheti, ama nitafute kazi ya kufagia. Sikusikia kitu moyoni. Tangu Nyambane afariki mwaka jana sisikii kitu. Mume akifa watu hutazamia upige mayowe. Mimi nilipanga viti vya wageni.

Jumatano, 10 Machi

Ukungu tangu asubuhi. Au ni jicho. Nimefumba la kushoto nikatazama shamba la jirani kwa la kulia. Nimeona katikati tu, kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo. Kichwa kinagonga upande huo. Sijamwambia mtu. Binti yangu Moraa yuko shule ya bweni, na anasoma kwa jasho la ile mashine ya chapa. Nayaandika haya kama habari za mwanamke mwingine.

Ijumaa, 12 Machi

Kisii. Nilitegemea kumkuta yule mpima macho Mhindi. Kumbe amehama. Muuguzi anaitwa Akinyi, mtu wa ziwani, mcheshi. Amenikalisha kwenye chumba cha giza. Mpimaji mpya akaingia na tochi yake, akasalimia. Sauti nikaijua papo hapo. Ni mdogo wa marehemu baba yake Nyambane. Basi naye ni baba mkwe wangu.

"Mokamwana, mke wa mwanangu, ni wewe?"

Mimi macho chini. Yeye macho ukutani. Kwetu Wagusii baba mkwe hamgusi mke wa mwanawe, hamwinamii usoni, hakai naye gizani. Hiyo ndiyo ensoni, aibu ya wakwe. Na mpima macho hufanya yote hayo, tena mlango ukiwa umefungwa. Ametoka kwa mlango wa nyuma, mimi wa mbele. Akinyi amebaki na kadi yangu mkononi, mdomo wazi. Hata aibu yenyewe sikuisikia sawasawa.

Jumapili, 14 Machi

Baada ya ibada nimemweleza mama mkwe. Amekasirika kabla sijamaliza.

"Pua kwa pua? Na tochi? Wewe enda Kisumu!"

Ruhusa ya kwenda Kisumu sina. Akahamia kwenye habari za mahindi yake. Nikaitikia kila alipotua. Kwa hiyo nitakuwa kipofu mwenye heshima zake.

Jumanne, 16 Machi

Jicho limeamka na moto. Nimetapika. Taa ya ofisini ilikuwa na rangi za upinde wa mvua kuizunguka. Nimeomba ruhusa nikarudi Kisii, liwe liwalo.

Mzee alisimama nje ya mlango, mgongo kwetu, akimwelekeza Akinyi.

"Bonyeza jicho la kulia taratibu, juu ya kope. Likoje?"

"Ngumu, msee."

"Ngumu kama nini?"

"Kama ndimu."

"Na la kushoto?"

Akinyi akabonyeza, akaacha, akabonyeza tena.

"Msee, hii mimi hapana jua. Kuja uguse mwenyewe."

Mzee akaniuliza kwa Kigusii, bado amegeuka, kama namruhusu aingie. Nikasema, "Ingia, tata," yaani baba.

Aliingia. Alibonyeza kope zangu, akawasha tochi, akainama. Katika ndoa yangu yote sikuwahi kumtazama usoni. Sasa aliniambia nitazame mbele, na mbele ni yeye. Uso wa Nyambane. Nyambane aliyezeeka, mwenye mvi kwenye nyusi, ambaye sikupewa kumwona. Pumzi yake ilinuka chai. Sikufumba.

La kulia limekwisha. La kushoto linaweza kuokolewa, nikitia matone kila siku bila kukosa. Hayo alimwambia Akinyi, na Akinyi akaniambia mimi, ingawa sote tulikuwa chumba kimoja.

Jumatatu, 22 Machi

Matone yanachoma. Cheti kimepokelewa, nimeachiwa mashine yangu. Nageuza kichwa kidogo upande wa kulia ndipo nione mwisho wa mstari. Nimepiga barua moja ya maombi ya mbegu. Bosi ametia sahihi bila neno.

Wakati wa chai nimemlilia Nyambane. Wenzangu wamedhani ni dawa, nikawaacha wadhani hivyo. Nimelia kwa macho yote mawili.