Bia Ambayo Mwenyewe Hajaionja

Jumatatu, 3 Februari
Nimeumwagia mchanga maji, asubuhi na jioni, kama kawaida. Chupa tisa za Charo bado zimefukiwa humo, pembeni mwa chumba ninachoshonea nguo. Joto la Garsen mwezi huu halina adabu.

Aliipika bia hii jikoni kwangu Oktoba, siku chache kabla hajakwenda Nairobi kufanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha bia za viungo. Kimea cha mtama, asali, tangawizi, iliki, pilipili manga kidogo. Akasema ikae, Krismasi atarudi tuionje pamoja. Krismasi ikapita. Akasema Januari. Januari nayo hiyo imekwenda. Simu zake zimekuwa za kubahatisha.

Nina hamu na mume wangu. Sina namna nyingine ya kulisema.

Alhamisi, 6 Februari
Moja imepasuka. Saa saba mchana, niko kwenye mashine. Nilidhani ni tairi la lori barabarani. Nyumba nzima inanukia iliki.

Kidole kililowa nikiokota vigae. Nilikuwa nakipeleka mdomoni. Mavyaa alikuwa amesimama mlangoni.

"Usiionje, mkaza mwana. Mwenyewe yu hai."

Nikakipangusa kwenye leso. Kwetu Wagiriama aliyepika kilevi ndiye anayeonja kwanza, watu wajue hakuna sumu. Kikionjwa na mwingine, ina maana mwenyewe wamekwisha kumzika. Nilijaribu kumwambia hii ni bia ya chupa, si tembo la mnazi. Akaniangalia tu. Mama yake Charo akishakuangalia hivyo, nyamaza.

Jumatano, 12 Februari
Mbili kwa mpigo. Na leo zimenitia aibu. Kitambaa cha dira cha Bi Habiba kilikuwa juu ya kiti, kikalowa bia chote. Mworma wa watu, swala tano, anajiandaa na Ramadhani. Nimekifua mara tatu, bado kinanukia karafuu. Hata karafuu sikujua aliitia.

Nilimwambia ukweli. Alicheka, halafu akanuna, halafu akaniambia nimshonee kingine na hicho nikifanye matambara.

Sita.

Ijumaa, 14 Februari
Sasa niandike, maana hakuna wa kunisikia. Kosa ni langu. Charo alisema kijiko kimoja cha asali kila chupa, ndipo ipate povu. Alipotoka kwenda kutafuta vizibo nikaongeza cha pili, zote. Nilitaka akija aikute tamu. Nilitaka aseme hajawahi kupika bia kama ile. Asali hiyo ndiyo inayozipasua.

Mjinga mimi. Nimempigia nimwambie. Hakupokea.

Jumapili, 16 Februari
Kanisani sikusikia neno. Nilikuwa namkumbuka anavyoonja. Anafumba jicho moja. Anaiweka mdomoni, ananyamaza, anakuacha umsubiri kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani. Halafu anasema neno moja tu. "Tangawizi." Au, "Bado." Ilikuwa inaniudhi sana. Leo ningekaa kutwa nzima kusubiri hiyo "bado" yake.

Nimerudi nikakuta zimebaki nne.

Alhamisi, 20 Februari
Imebaki moja. Nimeihamishia ndani ya mtungi wa maji wa mavyaa. Hakukataa. Anayabadilisha maji mwenyewe tangu jana, na magoti yake yale. Nimemwona anaongea na chupa.

Jumamosi, 22 Februari
Amepiga. Mchana, tuko tunachambua mchicha. Nikaweka spika ili mama yake asikie.

Nilimwambia yote, hata ya asali. Nikamwambia imebaki moja, aje. Hata kwa siku mbili. Nilimwomba, na mimi si mtu wa kuomba.

Akacheka. Akasema kazi ni nyingi, Pasaka pia hadhani. Halafu:

"We ifungue tu, muionje. Utaniambia iko aje."

Alivyosema ni kama ananiruhusu kuvaa viatu vyake vya zamani. Charo, mtoto wa mama huyu, aliyekulia kwenye mila hii. Ama amesahau, ama hajasahau. Sijui kipi kinauma zaidi.

Mavyaa aliendelea kuchambua mchicha. Alipomaliza akaanza upya, ule ule uliokwisha kuchambuliwa.

Jumanne, 25 Februari
Sijashona. Nimemkasirikia mpaka meno yanauma. Nikisikia basi la Nairobi linasimama stendi bado natoka nje kuangalia. Nimetoka mara mbili leo.

Jumapili, 2 Machi
Ramadhani imeingia. Mji umetulia, mikahawa imefungwa. Tulikaa uani, mimi na mavyaa. Yeye ndiye aliyesema nilete chupa.

Niliifungua. Povu likanilowesha mpaka kiwiko. Nikamimina kwenye kikombe cha bati na sikujua nifanye nini nacho. Mavyaa akakichukua. Akamwaga kidogo chini, akataja mababu. Akanywa kabla yangu.

"Mimi ndiye nimemzaa," akasema. "Hili la kumzika ni langu, si lako."

Akanipa kikombe. Alilia kidogo, bila sauti. Mimi nilinywa.

Inaanza na asali, nyingi mno, kosa langu. Halafu tangawizi inapanda puani. Karafuu iko nyuma, inakaa kwenye ulimi. Pilipili manga inakuja mwisho, ukiwa umeshameza, unapodhani yamekwisha. Ni bia nzuri. Ni nzuri kweli.

Tuliimaliza. Mavyaa alisinzia kitini.

Ladha nimeiandika hapa tu. Yeye sitamwambia.