Jina Lililokwaruzwa

Kitengela,
3 Septemba 2001

Kwa Mzee Kisemei,

Nakusalimu kwa heshima, na kwanza nauliza goti lako linaendeleaje, maana Babu alikuwa akiulizia hilo goti kila mvua ikianza. Huku kwetu tuko salama, ila susu, bibi yangu, anakula kidogo sana.

Hunijui vizuri. Mimi ni Kalekye, yule ambaye Babu Muthama alimlea baada ya mama yangu kufariki. Babu tulimzika Julai. Watu wanasema walikuona umesimama kwenye lango letu siku hiyo, halafu ukageuka ukaenda zako. Nilidhani labda uliona watu ni wengi.

Nakuandikia kwa sababu chama cha askari wa zamani hapa Kajiado kinachonga jiwe la majina ya waliopigana Burma. Litafunguliwa tarehe kumi na moja Novemba. Kitabu cha Babu cha jeshi kililiwa na mchwa, kwa hivyo katibu wa chama, Bwana Githongo, anataka barua ya askari aliyekuwa naye, yenye jina lake na nambari yake. Umebaki wewe tu. Kuna majirani wanaosema Babu alikuwa mpishi Nairobi na vita alivisikia kwa redio. Mzee huyo alinikagua kucha na viatu kila asubuhi kabla sijaenda shule, na nilipougua malaria alikaa mlangoni wiki nzima na lile koti lake zito, akisema yuko zamu. Siwezi kukubali aitwe mwongo.

Mjukuu wako,
Kalekye


Oltepesi,
19 Septemba 2001

Nakerai,

Barua yako, mtoto wangu, imefika kwa duka la Katoo. Hali ya hapa: mbuzi wazima, nyasi hakuna, goti ni lile lile. Msalimie susu yako. Mwambie ale.

Mtu huyo alikuwa Burma. Tulikuwa seksheni moja. Bonde la Kabaw mvua ilinyesha mpaka buti zikaota ukungu, na ruba waliingia hata ndani ya soksi. Risasi ilinipata gotini. Aliniweka mgongoni akanibeba kutwa nzima, na njia yote alinitukana kwa Kikamba ili nisilale. Matusi ya Kikamba niliyajua kabla ya salamu. Vita vilipoisha alinipa mtamba wa ng'ombe, nami nikampa wangu, na tangu siku hiyo sisi ni ndugu.

Nimeweka picha ndani ya bahasha. Yeye ni huyo wa kushoto, anayecheka. Mwonyeshe huyo katibu.

Babu yako,
Kisemei


Kitengela,
1 Oktoba 2001

Mzee Kisemei,

Salamu. Natumaini uko mzima, sisi tuko.

Picha niliifurahia mpaka nilipoigeuza. Nyuma kuna majina mawili. Moja ni lako. Lile lingine limekwaruzwa kwa kisu mpaka karatasi ikakaribia kutoboka, na mahali pale bado ni peupe. Hiyo si kazi ya zamani. Ni juzi tu.

Nikasoma barua yako tena, mara nne. Hakuna jina la Babu hata mahali pamoja. Ni "mtu huyo" na "yeye" mwanzo hadi mwisho. Bwana Githongo alivua miwani akaniuliza, mtu huyo ni nani? Anasema mzee akikwepa kuandika jina ako na sababu, na labda aliyekubeba ni mwingine kabisa.

Sasa hata mimi najiuliza. Kwa nini hukuingia langoni? Mlikosana? Alikufanyia nini, au wewe ndiye ulimfanyia? Susu anakutetea, lakini susu humtetea kila mtu. Nataka jina na nambari. Ni mstari mmoja tu.

Kalekye


Oltepesi,
9 Oktoba 2001

Nakerai,

Hujambo. Hapa hali ni ile ile, mbuzi mmoja amekufa.

Nambari yake ni 11487. Naijua kuliko yangu. Hicho kingine siwezi kuandika. Uliza jambo lolote lile nitakujibu, hilo uliache. Hatukukosana hata siku moja, isipokuwa kwa mambo ya tumbaku. Umekulia katikati yetu, nilidhani mambo haya unayajua.

Babu yako,
Kisemei


Kitengela,
17 Oktoba 2001

Kisemei,

Leo sina salamu.

Nilipeleka nambari yako. Bwana Githongo alisema hata nyumbu wa jeshi walikuwa na nambari. Watu wawili walikuwa ofisini, wote wakacheka, na mimi nikatoka nje nikalia kando ya barabara nikiwa na miaka ishirini na sita.

Sikuelewi, na sitaki tena kukuelewa. Umelikwangua jina lake kwenye picha, umekataa kuliandika, na kwenye maziko yake ulifika langoni tu, kama mtu aliyekuja kuhakikisha amekufa kweli. Mimi naona kuna ubaya ulimfanyia huko Burma na unaogopa jiwe likisimama watu wataanza kuuliza. Kama huna jina, usiniandikie tena.

Kalekye wa Muthama. Ona, mimi naliandika.


Kitengela,
2 Novemba 2001

Babu Kisemei,

Nakusalimu nikiwa nimeinamisha kichwa, kama watoto wenu wanavyowasalimia wazee. Kama ungekuwa hapa ningengoja uweke mkono wako juu yake, hata kama ungekataa.

Wiki mbili umenyamaza, na nilistahili. Jana nilimwonyesha Soipan ile picha. Tunashona pamoja kiwandani, na yeye ni Mmaasai wa kwenu. Nilimwonyesha ili aone ubaya wako. Aliigeuza, akashika pale palipokwaruzwa. Kisha akaniambia kwamba kwa wazee wenu jina la aliyekufa halitajwi tena, na hata mtoto aliyepewa jina hilo hubadilishiwa. Akasema wazee wengi pia hawakaribii kaburi. Akaniuliza, "Kalekye, kwani hukujua huyu mzee anaomboleza?"

Sikujua. Nimeishi Kitengela maisha yangu yote, maziwa nanunua kwa mama wa Kimaasai kila asubuhi, na sikujua. Nina aibu sana, Babu. Barua yangu ya mwisho naomba uichome.

Mambo ya jiwe yaache. Usiandike chochote. Babu hangetaka uvunje mwiko wako kwa ajili ya Githongo.

Mjukuu wako, ukinikubali,
Kalekye


Oltepesi,
7 Novemba 2001

Nakerai,

Nakuwekea mkono kichwani. Hapa mvua imeanza, kwa hivyo goti unalijua. Msalimie susu yako.

Barua yako ya leo imenikuta nimeshaandika karatasi iliyo hapa chini. Sikuandika kwa sababu uliniomba msamaha, na sikunyamaza kwa hasira. Nilikuwa najaribu. Kwanza nililisema malishoni, mbuzi peke yao ndio walisikia. Siku ya pili nililisema nyumbani. Mke wangu alitoka nje, na hii ni siku ya nne hajanisemesha.

Uliandika kwamba wanamcheka. Hilo ndilo lilinishinda. Alinibeba kutwa nzima nikiwa mzito na ninavuja damu, naye hakuniweka chini. Nami naweza kumbeba mara hii moja. Nampa Katoo barua hii aje nayo mwenyewe, tarehe isitupite.

Nitakuja Jumapili. Nitasimama mbali kidogo, kama nilivyosimama langoni, na usiniite nikaribie. Wakishasoma karatasi hii, ichome. Ile picha nirudishie vile ilivyo. Usiandike kitu nyuma.

Babu yako,
Kisemei

Kwa katibu wa chama:
Mimi Kisemei, askari, naapa. Askari nambari 11487, aliyenitoa bonde la Kabaw mgongoni mwake, ni Muthama.
Muthama wa Munguti.
Muthama.