Feni Hukuizima Wewe

Alhamisi ya tarehe kumi na tisa, saa tisa kasorobo mchana, nilirudi kazini na fyuzi mfukoni nikakuta watu wamelizunguka gari jekundu. Mwaka umetimia leo, mke wangu. Kuna wanaoniambia mwaka ni mrefu, nizoee. Wazoee wao.

Nakuandikia kwa mkono wangu huu ulioishia darasa la nne. Binti yetu mkubwa amenisahihishia herufi, maneno hakuyagusa. Nataka watu wasome jinsi ulivyokuwa, na wasome pia uongo ulioandikwa juu yako, kwa sababu hadi leo karatasi ya ofisi inasema ulikufa kwa uzembe wako mwenyewe.

Walikuita Fundi Uzi, nawe ulilipenda jina hilo kuliko lile la kwenye kitambulisho. Miaka kumi na minane ulishona viti vya magari katika karakana ile, mwanamke peke yako kati ya wanaume tisa, na wote walinyamaza ulipokuwa unapima. Ngozi mpya ikiletwa uliinusa kwanza kama mtu anayenunua samaki, kisha ukasema, "Hii sawa," au, "Hii irudisheni, imekaa juani." Sikumbuki siku uliyokosea.

Kitambaa cha zamani hukukitupa. Ulikifumua kwa wembe, mshono mmoja mmoja, ukatandaza kila kipande juu ya ngozi mpya na kukizungushia chaki. "Aliyekishona mara ya kwanza alijua kitu," ulikuwa ukisema. "Mimi namfuata tu, halafu namsahihisha." Kiti kikiisha ulikikalia umefumba macho, ukajisogezasogeza kutafuta uvimbe kwenye sponji. Ukiupata, unafumua upya, hata kama mwenye gari amesimama pale anachezea funguo.

Mimi nilikuja pale kufunga redio na spika. Siku yangu ya kwanza nilitoboa mlango uliokuwa umeuvika ngozi asubuhi hiyohiyo. Ukanijia na mkasi mkononi. "Wewe Bwana Kelele, mimi nashona wewe unatoboa, tutafika kweli?" Nikakujibu, "Spika haiimbi ndani ya gunia, dada." Fundi rangi alicheka mpaka akaacha kupuliza. Kuanzia siku hiyo kila tundu la spika ulilikata wewe, kwa nyuma, ukaikunja ngozi kwa ndani isije ikachanika. Ndoa yetu ilianzia kwenye ugomvi wa matundu, na ugomvi wenyewe haukuisha, tuliuhamishia nyumbani.

Nyumbani nako hukupumzika. Jumapili watoto wa jirani walileta mabegi yao ya shule yaliyochanika, ukayashona mezani kwetu. Sharti lako lilikuwa moja tu: mwenye begi akae hapo akupe habari za shule mpaka uzi uishe. Kwa hiyo ulijua mwalimu gani ana hasira na nani kamwaga wino, mambo ambayo hata wazazi wao hawakuyajua.

Lile gari jekundu lilikuja likivutwa. Gari la mbio la viti viwili, la zamani, fupi hata mtu aliingia kama anayepanda kitanda cha chini. Panya walikuwa wamekula sponji yote, dari imening'inia, na mahali pa redio palibaki nyaya tupu. Tajiri mwenye gari aliposimama pale akijisifu, wewe ulikuwa umeshazamisha mkono chini ya kiti. Ukatoa hereni moja ya dhahabu.

"Bosi, hii ya mama nyumbani?"

Tajiri akaitazama, akameza mate. "Hapana. Hii si ya mke wangu."

"Basi hata mimi sijaiona," ukasema, ukamtilia mfukoni mwa shati.

Karakana nzima tulicheka siku ile. Sasa siwezi kuikumbuka bila kukumbuka yaliyofuata.

Tulipewa miezi miwili. Wiki ya tano mkurugenzi wa karakana akatuma ujumbe kwamba gari linatakiwa Jumamosi ya wiki ijayo, kuna maonyesho ya magari ya zamani. Hakuna aliyetuuliza. Msimamizi wetu, mtu ambaye kazi yake ni kusema "ndiyo" kwa walio juu na "haraka" kwa walio chini, akajibu kwamba inawezekana. Wewe ukashona viti vyote viwili kwa siku sita, mgongo ukakuuma hata kuinama kuvaa viatu ukashindwa. Nilikuvalisha mimi.

Vichujio vya barakoa vilikuwa vimeisha tangu mwezi uliotangulia. Uliviomba mara tatu, na mara mbili nilikuwepo. "Viko njiani, fundi," msimamizi alisema. Mpaka leo viko njiani. Labda vinakuja kwa miguu.

Kwa wasiojua kazi hii: gundi ya zulia hupakwa pande zote mbili, kisha fundi husubiri ikauke kidogo, isishike kidole, ndipo anabandika. Huo muda wa kusubiri ndio wenye hatari, maana mvuke wote wa sumu hutoka hapo. Ndiyo sababu ukuta wa nyuma ulikuwa na feni kubwa ya kutoa hewa. Wiki ile barabara ya mbele ilikuwa inachimbwa, kwa hiyo msimamizi aliagiza mlango mkubwa wa bati ushushwe, vumbi lisiangukie gundi mbichi. Kwa hilo simlaumu, hata wewe ulilitaka. Lakini hapo chumba kizima kikawa kinapumua kwa feni moja.

Saa saba na nusu tajiri akaja kusikiliza muziki. Nilikuwa nimefunga spika mbili milangoni, mbili ndogo kwenye dashibodi, na sanduku la besi nyuma ya viti. Gari lilikuwa limechomekwa kwenye chaja ya ukutani, betri isichoke. Nikawasha. Tajiri akainamisha kichwa.

"Mbona kuna kitu kinavuma?"

Msimamizi akanigeukia. "Fundi, kitu gani hicho?"

Sasa nisikilize, mke wangu, maana hili sikukuambia hata pale kaburini. Aliyejibu ni mimi. Nilisema, "Si spika, bosi. Ni feni, iko laini moja ya umeme na chaja, mvumo unapitia humo. Ikizimwa kidogo, wimbo mmoja tu, utasikia tofauti."

Wewe ulikuwa sakafuni unakata zulia. Ukasema, "Basi wimbo wenyewe uwe mfupi, mimi nina gundi ya kupaka." Tajiri akacheka.

Swichi ya feni imo ndani ya kisanduku cha chuma kando ya mlango wa ofisi. Msimamizi alikitia kufuli alipogundua watu wanachaji simu pale, na ufunguo huuning'iniza kiunoni. Alikwenda mwenyewe, akafungua, akazima, akafunga. Feni ikanyamaza. Wimbo ukapigwa. Tajiri akapiga paja: "Hapo sasa!" Msimamizi akamshika mkono akampeleka ofisini kunywa soda, na akiwa mlangoni akanipigia kelele, "Fundi, kalete fyuzi kubwa zaidi, mzee anataka sauti iongezwe!"

Nikaenda dukani. Mimi ni mtu wa sauti. Skrubu ikilegea ndani ya mlango, naisikia gari likiwa bado barabarani. Lakini nilitoka pale feni ikiwa kimya, na ukimya wake sikuusikia.

Wewe ukaingia kubandika zulia kwenye ile rafu ya nyuma ya viti, mahali ambapo fundi huzamisha kichwa na mabega na kuacha miguu nje. Ulidhani feni itawashwa. Nani asingedhani hivyo? Fundi rangi alipita akakuona miguu, akakutania, "Fundi Uzi, leo umelala kazini?" Hukumjibu. Akadhani umebana pini kwa meno, maana ndivyo ulivyozoea. Akapita zake. Baada ya dakika kumi akapita tena. Mara ya tatu ndipo alipokugusa kisigino.

Yule bwana aliacha kazi. Huja nyumbani Jumapili, anakaa kwenye kiti cha mlangoni, anakunywa maji na kuondoka. Mimi simfukuzi.

Burashi ya gundi ilikuwa imegandia kiganjani mwako, daktari akaibandua kwa mkasi. Nusu ya zulia ilikuwa imeshabandikwa, imenyooka, haina kikunjo hata kimoja. Nusu nyingine aliimalizia mtu nisiyemjua, kwa sababu Jumamosi gari lilikwenda kwenye maonyesho. Ndiyo, lilikwenda. Wewe ukiwa bado hujazikwa.

Karatasi ya ofisi ilitoka mwezi wa pili baada ya kukuzika. Binti yetu alinisomea mara mbili, nikidhani kakosea mstari. "Marehemu alizima feni kwa hiari yake ili kupunguza kelele, na hakuvaa barakoa." Chini yake sahihi ya msimamizi, na muhuri.

Nikaenda kwa afisa wa usalama wa kazi. Mara ya kwanza akasema nirudi Jumatatu. Jumatatu akasema yuko kikaoni, naye namwona kupitia dirishani anakula karanga. Mara ya tatu akanipokea.

"Mzee, faili limefungwa."

"Lifungue basi, mwanangu. Si limefungwa kwa kamba tu?"

Akatabasamu kidogo. Akalifungua. "Haya niambie. Kama si yeye, nani aliizima? Na kwa sababu gani?"

Nikaitazama ile kamba. Miaka yote nimeishi kwa kelele, siku ile nikakosa sauti. Maana watu wa ofisi waliponihoji mara ya kwanza nilisema nilikuwa dukani, basi. Ni kweli nilikuwa dukani. Lakini niliona aibu kusema kwamba neno la kuzima feni lilitoka kinywani mwangu. Wakaona nimenyamaza, wakakutwika wewe mzigo, kwa kuwa maiti hakani. Afisa akafunga kamba yake. "Pole sana, mzee," akasema, na hapo alisema kama mtu.

Msimamizi amepandishwa cheo, sasa anasimamia na karakana ya pili, upande wa pili wa mji. Nimewahi kumngojea nje. "Ongea na ofisi," akaniambia. Ofisini wakaniambia, "Ongea na msimamizi." Nimekuwa kama mpira wa watoto.

Gari lenyewe nimeliona mara moja, kwenye taa za barabarani. Tajiri alikuwa amefungua vioo na muziki uko juu. Sauti ilikuwa safi, mke wangu, haina mvumo wowote. Nilisimama pale mpaka taa ikabadilika mara mbili, watu wakanipita.

Wiki jana nilimwambia binti yetu mkubwa, kama ninavyokuambia hapa. Nilitegemea atalia, au ataondoka mezani. Aliviringisha kipande cha uzi kidoleni.

"Baba, hilo nalo liandike."

"Watu watanilaumu, mama."

"Mama kalaumiwa mwaka mzima, na hakufanya kitu."

Basi nimeliandika. Anayetaka kunilaumu, nyumba yetu anaijua, aje. Nitamkaribisha kiti. Nakala ya karatasi hii nitampelekea afisa kwa mkono wangu, na safari hii akiniuliza nani na kwa sababu gani, nitamjibu yote mawili. Kwamba mimi niliomba, na msimamizi akazima, na ufunguo ulikuwa kiunoni mwake, si mwako. Nataka ule mstari ufutwe. Wasiandike kitu kizuri juu yako, sihitaji sifa zao. Waufute tu ule mstari.

Unakumbukwa na mimi mumeo, Bwana Kelele wako. Na binti zako wawili. Mdogo anashona sasa, mishono yake inapinda, na hataki nimsaidie. Na mama yako mzazi, ambaye bado hukuita kwa jina la utotoni na kuniuliza kama umekula. Na kaka yako dereva, wifi zako watatu, na mashemeji. Na fundi rangi, ambaye si ndugu, lakini nimemwandika. Na watoto wa jirani wenye mabegi.

Siku zote zilizotubakia utakuwa nasi, Fundi Uzi, hakuna atakayekufumua mioyoni mwetu.

Na nyinyi mlio ofisini, mnaojua kusoma kuliko mimi, nawauliza hili moja. Mimi nilisema feni izimwe kwa wimbo mmoja. Wimbo uliisha. Nani alipaswa kuiwasha?